Streams in the Desert

Streams in the Desert ni kitabu cha tafakari za kila siku kilichokusanywa na mmisionari Mmarekani Lettie Cowman (1870–1960) na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1925 mjini Los Angeles, Marekani. Jina lake, ambalo maana yake ni "vijito jangwani", limetokana na kitabu cha nabii Isaya 35:6. Kina somo moja kwa kila siku ya mwaka, na ni kati ya vitabu vya ibada binafsi vilivyoenea zaidi miongoni mwa Waprotestanti katika karne ya 20. Nakala zake zimeuzwa kwa mamilioni, nacho kimetafsiriwa katika lugha mbalimbali.

Kitabu hicho kilizaliwa katika chumba cha mgonjwa. Kwa takriban miaka 6 Lettie alimuuguza mume wake, Charles Cowman, ambaye ugonjwa wa moyo ulikuwa umemkatiza katika kazi yake ya kueneza Injili huko Japani. Maneno aliyoyakusanya ili kujifariji na kumfariji mgonjwa ndiyo yaliyokuwa msingi wa kitabu.

## Jina

Sura ya 35 ya Isaya inaeleza jinsi nchi kavu itakavyochanua na watu wa Mungu watakavyorudi Sayuni kwa furaha. Katika Kiebrania, mstari wa 6 unataja nchi kavu kwa maneno mawili. La kwanza ni *midbar*, yaani pori kavu ambapo wachungaji hupitisha mifugo. La pili ni *araba*, yaani uwanda mkame. Neno linalotafsiriwa "vijito" ni wingi wa *nahal*, ambalo ni korongo lililo kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka na linalojaa maji ghafla mvua inaponyesha.

Biblia ya Kiswahili ya Union Version (1952) imehifadhi tofauti hiyo vizuri kwa kutumia "nyika" na "jangwa" katika mstari mmoja. Picha yenyewe si ngeni kwa wakazi wa sehemu kavu za Afrika Mashariki, kama vile Turkana nchini Kenya au Dodoma nchini Tanzania. Huko mto unaweza kuonekana mchanga mtupu, lakini watu huchimba mchanga huo na kupata maji ya kunywa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba jina la kitabu limechukuliwa katika nusu ya pili ya mstari. Mstari wa 5 na nusu ya kwanza ya mstari wa 6 vinaahidi uponyaji wa mwili: vipofu, viziwi, viwete na bubu watapona. Akina Cowman walikuwa watu wa harakati ya Utakatifu, ambayo ndani yake wengi walitazamia Mungu aponye wagonjwa kwa maombi. Charles aliombewa na hakupona. Kwa hiyo jina linataja ile sehemu ya ahadi ambayo mjane wake aliweza kuishuhudia: si kwamba mgonjwa alisimama, bali kwamba maji yalipatikana mahali pakavu.

## Mwandishi na mume wake

Lettie Burd alizaliwa tarehe 3 Machi 1870 huko Afton, katika jimbo la Iowa. Mwaka 1889 aliolewa na Charles Elmer Cowman (1868–1924), kijana aliyekuwa akifanya kazi ya telegrafu. Baadaye walihamia Chicago, ambako Charles alipanda cheo katika kampuni ya telegrafu ya Western Union. Ni katika mji huo kwamba waliongoka, kwanza Lettie na kisha mume wake, ambaye mara alianza kuwahubiria wafanyakazi wenzake. Mmoja wa waliomsikia, Ernest Kilbourne, alikuja kuwa mshiriki wake wa karibu katika umisionari.

Mwaka 1894 Charles na Lettie walimsikia mhubiri A. B. Simpson akiwaita watu kwenda kueneza Injili nchi za mbali, wakajitoa kwa kazi hiyo. Huko Chicago walifahamiana pia na Juji Nakada (1870–1939), mhubiri Mjapani aliyekuwa akisoma katika taasisi ya Biblia iliyoanzishwa na Dwight L. Moody. Mwezi Februari 1901 walisafiri kwenda Japani bila kutumwa na kanisa lolote kubwa lenye kuwahakikishia mshahara. Mwaka huohuo, pamoja na Nakada, walifungua mjini Tokyo kituo cha kuhubiri na chuo cha Biblia. Kazi hiyo ilikua ikawa shirika la Oriental Missionary Society, linaloitwa leo One Mission Society.

Charles aliamini kwamba kila familia nchini Japani ilistahili kupata Injili angalau mara moja. Kuanzia mwaka 1913 hadi 1918 vikundi vya Wajapani na wamisionari vilikwenda kijiji kwa kijiji na nyumba kwa nyumba kugawa sehemu za Maandiko. Kadiri ya taarifa za shirika, nyumba zaidi ya milioni 10 zilifikiwa. Kazi hiyo ilikuwa kubwa kuliko nguvu za mwili wa kiongozi wake. Kabla haijamalizika, moyo wa Charles ulikuwa umedhoofika kiasi kwamba ilibidi warudi Marekani.

Walikaa Los Angeles. Mtu aliyezoea kupanga safari za mamia ya watu sasa alilala kitandani, mara nyingi akiwa na maumivu makali, huku wenzake wakiendelea na kazi ng'ambo ya bahari. Mke wake, aliyekuwa mhubiri na mwalimu kwa haki yake mwenyewe, naye akawa muuguzi. Charles alifariki tarehe 25 Septemba 1924. Mwaka uliofuata *Streams in the Desert* kilitoka. Jalada halikuwa na jina la Lettie mwenyewe: kufuatana na desturi ya wakati ule, alijitambulisha kwa jina la mume wake, kama "Bi. Charles E. Cowman".

## Mpangilio

Kila somo huanza na mstari mmoja au miwili ya Biblia, ambayo katika toleo la awali kwa kawaida ni ya tafsiri ya Kiingereza ya King James. Hufuata maelezo mafupi, mara nyingi yaliyodondolewa katika hotuba au kitabu cha mwandishi mwingine, na masomo mengi huwa na shairi au beti chache. Somo zima husomwa kwa dakika chache tu. Masomo hayafuati mpangilio wa mada wala kalenda ya liturujia. Msomaji hufungua tarehe ya siku na kupokea alichokikuta.

Mwaka huanza na maneno ya Kumbukumbu la Torati 11 kuhusu nchi ya vilima na mabonde inayonyweshwa na mvua ya mbinguni. Nchi hiyo inalinganishwa na Misri, ambako mkulima alimwagilia shamba lake kwa nguvu zake mwenyewe. Hivyo tangu ukurasa wa kwanza suala ni maji, na ni nani anayeyatoa.

Lettie hakujidai kuwa mtunzi wa yote. Kazi yake ilikuwa hasa kuchagua, kufupisha na kupanga, ingawa hapa na pale aliongeza maneno yake. Kati ya waandishi anaowatumia wamo:

* Charles Spurgeon (1834–1892), mhubiri Mbaptisti wa London, aliyesumbuliwa kwa miaka mingi na jongo na huzuni nzito ya moyo;
* George Matheson (1842–1906), mchungaji wa Uskoti aliyekuwa kipofu tangu ujana wake;
* F. B. Meyer (1847–1929), mhubiri wa Uingereza aliyejulikana sana katika mikutano ya Keswick;
* A. B. Simpson (1843–1919), yuleyule aliyewaelekeza akina Cowman kwenye umisionari;
* Frances Ridley Havergal (1836–1879), mtunzi wa tenzi wa Kianglikana ambaye afya yake ilikuwa dhaifu;
* Annie Johnson Flint (1866–1932), mshairi wa Marekani aliyelemazwa na ugonjwa wa viungo.

Orodha hiyo inaonyesha kwamba wengi wao walikuwa wameonja ugonjwa, upofu au huzuni kabla ya kuandika juu ya faraja. Aliyekuwa katika chumba cha mgonjwa alitafuta maneno ya watu waliopita njia kama yake.

## Maana ya jangwa katika kitabu

Katika Biblia jangwa lina sura zaidi ya moja. Ni mahali pa hatari, pasipo chakula wala maji, ambapo Waisraeli walitangatanga miaka 40 na kulalamika mara nyingi. Pia ni mahali ambapo Mungu hukutana na mtu peke yake: Hajiri alionyeshwa kisima alipokuwa amekwisha kumlaza mwanae chini ya kichaka asimwone akifa; Musa aliitwa akiwa mchungaji huko Midiani; Eliya, aliyeomba afe, alilishwa na kusafiri mpaka Horebu. Injili zinasimulia kwamba Yesu alikaa jangwani siku 40 kabla ya kuanza kuhubiri.

Cowman anatumia hasa sura hiyo ya pili, lakini bila kuisahau ile ya kwanza. Katika kitabu chake jangwa ni ugonjwa usiopona, kifo cha mpendwa, maombi yanayoonekana hayajibiwi, na hasa kusubiri. Mawazo makuu yanayorudi mwaka mzima ni haya:

Kusubiri ni kazi. Mtu aliyeondolewa katika shughuli zake hajaondolewa katika utumishi. Kwa mmisionari aliyepima maisha kwa idadi ya nyumba zilizofikiwa, hilo halikuwa fundisho jepesi, na huenda ndiyo sababu linarudiwa mara nyingi.

Mateso yana shule yake. Mfano unaojulikana sana ni wa nondo mkubwa. Mtu alimwona akihangaika kutoka katika kifuko chake kupitia tundu dogo, akamhurumia, akalipanua tundu kwa mkasi. Nondo alitoka kwa urahisi, lakini mabawa yake hayakukunjuka wala hakuweza kuruka kamwe, kwa kuwa ule msukumano ndio uliopaswa kuyajaza mabawa uhai. Huruma ya haraka, kitabu kinasema kwa mfano huo, inaweza kumnyima mtu nguvu alizokuwa karibu kuzipata.

Maji hupatikana humohumo jangwani. Masomo mengi hayamwahidi msomaji kutoka mapema. Yanamwahidi kutokuwa peke yake na kutokufa kiu. Kwa namna hiyo kitabu kinatofautiana na mahubiri yanayodai kwamba imani ya kweli huondoa kila tatizo mara moja.

## Uhusiano na mapokeo mengine ya jangwa

Matumizi ya jangwa kama picha ya maisha ya kiroho ni ya kale katika Ukristo. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 3 wanaume na wanawake wengi wa Misri waliacha vijiji na miji yao wakaenda kuishi nyikani kwa sala, kazi za mikono na mafungo. Maarufu zaidi kati yao ni Antoni Mkuu, ambaye maisha yake yaliandikwa na askofu Athanasi wa Aleksandria. Misemo ya mababa na mama hao wa jangwani ilikusanywa baadaye na kusomwa Mashariki na Magharibi.

Karne ya 20 ilikuwa na mashahidi wengine. Mfaransa Charles de Foucauld (1858–1916) aliishi kati ya Watuareg huko Tamanrasset, katika Sahara ya Algeria, mpaka alipouawa. Alitangazwa mtakatifu na Kanisa Katoliki tarehe 15 Mei 2022. Mwitalia Carlo Carretto (1910–1988), aliyekuwa kiongozi wa vijana Wakatoliki, alijiunga na shirika lililofuata roho ya Foucauld, akaenda kuishi Sahara mwaka 1954. Barua zake kutoka jangwani, zilizochapishwa mwaka 1964, zilisomwa sana.

Tofauti kati yao na Cowman ni wazi. Antoni, Foucauld na Carretto walilichagua jangwa, wakalikanyaga kwa miguu yao. Lettie Cowman hakulichagua: alijikuta ndani yake katika nyumba ya mji mkubwa. Wale walikwenda kutafuta ukimya. Yeye alipewa ukimya asioutaka. Pande zote mbili wanakubaliana kwamba mahali ambapo mtu amepungukiwa na vyote ndipo anapojua anachokitegemea.

Kitabu kinahusiana pia na mikutano ya Keswick, iliyoanza nchini Uingereza mwaka 1875 na kusisitiza kujitoa kikamilifu kwa Mungu. Mkondo huohuo ulichangia uamsho wa Afrika Mashariki uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya, Tanganyika na Burundi. Kwa hiyo lugha ya Cowman kuhusu kuvunjika, kujisalimisha na kumtegemea Kristo si ngeni kwa Wakristo waliolelewa katika ushirika wa uamsho huo.

## Uenezi

Mapato ya kitabu yalisaidia kazi ya umisionari. Lettie hakubaki katika ujane wa kujifungia: mwaka 1928, baada ya kifo cha Kilbourne, alishika uongozi mkuu wa Oriental Missionary Society, akaendelea nao mpaka mwaka 1949. Mwaka huohuo wa 1928 alitoa kitabu juu ya maisha ya mume wake. Alisafiri na kuhimiza kampeni za kugawa Injili katika nchi mbalimbali, kwa mfano wa ile ya Japani. Kati ya vitabu vyake vingine vya tafakari, kinachofahamika zaidi ni *Springs in the Valley* cha mwaka 1939, ambacho jina lake linahusu chemchemi bondeni. Alifariki tarehe 17 Aprili 1960, siku ya Pasaka.

Katika Asia ya Mashariki kitabu kilipata wasomaji wengi. Tafsiri ya Kichina ilipendwa na rais Chiang Kai-shek, aliyezoea kukisoma katika ibada zake. Alipofariki huko Taipei mwezi Aprili 1975, nakala yake iliwekwa katika jeneza lake pamoja na Biblia, kitabu cha siasa cha Sun Yat-sen na mashairi ya enzi ya Tang.

Mwaka 1997 lilitolewa toleo lililohaririwa na James Reimann. Kiingereza cha zamani kilirahisishwa na mistari ya Biblia ikachukuliwa katika tafsiri ya kisasa. Toleo la awali linaendelea kuchapishwa pia, na baadhi ya wasomaji hulipendelea kwa sababu ya mdundo wa lugha yake.

## Hoja za kuzingatia

Kitabu kina mipaka yake.

Kwanza, mistari ya Biblia mara nyingi hutolewa bila muktadha wake. Isaya 35 inazungumzia taifa zima linalorudi nyumbani, kumbe katika tafakari ahadi hiyo inamhusu mtu mmojammoja. Njia hiyo ni ya kale katika ibada binafsi, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya kusoma kitabu kizima cha nabii.

Pili, wazo kwamba Mungu hutuma mateso ili kumfundisha mtu linaweza kumuumiza aliyefiwa, hasa akiambiwa na mtu ambaye hajafiwa. Mfano wa nondo hauwezi kujibu kila swali. Kitabu cha Ayubu kinaonya dhidi ya marafiki wanaojua mno sababu za maumivu ya mwenzao. Kwa upande wa Cowman, ni vema kukumbuka kwamba maneno hayo aliyaelekeza kwanza kwa nafsi yake na kwa mgonjwa wake.

Tatu, masomo mengi yamefupishwa, na mengine hayataji mtunzi au yanamtaja bila kitabu alimotolewa. Kwa sababu hiyo ni vigumu kutumia mkusanyo huo kama ushahidi wa maneno kamili ya mwandishi fulani.

Pamoja na hayo, kitabu kimedumu kwa karibu miaka 100. Akina Cowman walikwenda Japani kuwapelekea wengine maji. Mwishoni mmoja wao alilala akiwa na kiu, na mwingine akamletea maji kutoka visima vya watu waliowatangulia. Maneno yaliyokusanywa kwa ajili ya mgonjwa mmoja yamewafikia watu wengi ambao hawakuwahi kulisikia jina la Charles Cowman.